Kura Tano kwa Kila Kituo: Mwongozo kwa Wanafunzi Wanaompigia Debe Mgombea Urais

Katiba ya Kenya imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mwaka 2027 siku hiyo itakuwa tarehe 10. Kama uko chuoni na moyo wako umeshatua kwa mgombea fulani, hapa sitajaribu kuuhamisha. Haya ni ya komredi, yaani mwanafunzi mwenzetu, ambaye amekwisha kuamua, ana wenzake wachache wanaokubaliana naye, hana pesa, na hataki kukaa akisubiri simu ya mheshimiwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokuonyesha kazi yenyewe ilivyo. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Waliachana kwa kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya, utapata kura tano na chembe kwa kila kituo. Ile nusu ya kura zote inayotakiwa ili duru ya pili isifanyike, mshindi aliivuka kwa kura kama 70,000, yaani kura moja na nusu kwa kituo. Na katika sajili ya wapiga kura 22,120,458, zaidi ya milioni 7 hawakutokea kabisa.

Ndiyo maana mimi huona kikundi cha watu kumi wanaojua nani amejiandikisha wapi kina faida kubwa kwa mgombea kuliko msafara wa pikipiki mia na vuvuzela zake. Hatua zote zinazofuata zinarudi kwenye swali moja: kura ya mtu huyu iko kituo gani, na siku hiyo yeye mwenyewe atakuwa wapi?

Hatua ya 1: Pata watu kumi kabla ya kupata jina la kikundi

Makundi mengi ya vyuoni huanza na nembo, tisheti na "mwenyekiti wa kitaifa". Nimewahi kuwa ndani ya kundi la WhatsApp ambalo wenyeviti wake walikuwa wengi kuliko wanachama wa kawaida. Halikumsajili mtu hata mmoja.

Tafuta watu sita hadi kumi na wawili. Wasitoke darasa moja, wala hosteli moja, wala kaunti moja ya nyumbani. Hakikisha nusu yao ni wasichana, na sababu si ya maonyesho: mvulana hawezi kupita mlango kwa mlango katika hosteli za wasichana, wala haifai ajaribu. Bila wasichana katika timu, nusu ya chuo hujaigusa.

Kazi za lazima ni nne. Mratibu, anayeitisha mikutano na kuhakikisha kila mtu amefanya alichoahidi wiki iliyopita. Mtunza orodha, ambaye nitamrudia. Mweka hazina. Na mtu mmoja wa kusoma sheria na kanuni, asiyeona haya kusema "hapana" wenzake wakipandwa na mori. Msemaji wa mitandaoni hutahitaji kumtafuta, atajitokeza mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma kanuni za chuo, kisha soma sheria

Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kushiriki katika chama cha kisiasa na kukifanyia kampeni. Lakini chuo kina kanuni zake za nidhamu ulizotia sahihi siku ya kuripoti, na vyuo vingi haviruhusu shughuli za vyama ndani ya uwanja wake. Ukifukuzwa muhula mzima kwa sababu ya bango, kampeni yako imekwisha na karo imekwenda.

Njia iliyo salama ni kugawa kazi. Yale yasiyo ya upande wowote, kama kuhamasisha wanafunzi wajiandikishe na kuandaa mdahalo, yafanyieni ndani, kwa barua iliyopitia ofisi ya mkuu wa wanafunzi (dean). Tisheti, nyimbo na mikutano ya mgombea, yapelekeni nje ya geti. Mkitaka mkutano wa hadhara au maandamano, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkitaarifu kwa maandishi kituo cha polisi cha eneo hilo si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Zingatia neno "kutaarifu": ni kutoa notisi. Andikeni barua nakala mbili, moja igongwe muhuri mbaki nayo.

Halafu kuna hili la viongozi wa wanafunzi. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yaliweka utaratibu wa viongozi wa wanafunzi kuchaguliwa na wajumbe, si na wanafunzi wote moja kwa moja. Kwa hiyo mwenyekiti anaposimama hotelini mbele ya kamera na kutangaza kwamba "wanafunzi wote" wako nyuma ya fulani, jua kwamba huenda hata yeye mwenyewe wanafunzi hao wote hawakumpigia kura. Msalimie vizuri, usimfanye adui, lakini usimhesabu kama kura elfu kumi. Mhesabu kama moja.

Hatua ya 3: Orodha

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi huchoka.

Chora jedwali lenye safu hizi: jina analoitwa mtu, namba ya simu, hosteli au mtaa anakopanga, kama ana kitambulisho cha taifa, kama amejiandikisha kupiga kura, kaunti na eneo bunge alikojiandikisha, jina la kituo, atakuwa wapi Agosti, msimamo wake, na tarehe mliyozungumza naye mara ya mwisho. Msimamo uandikeni kwa namba: 1 ni wetu kabisa, 3 hajaamua, 5 ni wa upande mwingine na hataki kusikia. Usidanganye namba hizo. Mtu aliyekuambia "nitafikiria" huku akifunga mlango si 2.

Tuseme hosteli ina vyumba 80 na kila chumba kina watu wanne. Hao ni 320. Watu wawili wawili wakipita vyumba kumi kila jioni, hosteli nzima imekwisha kwa siku nane. Timu yenye jozi tano inaweza kumaliza hosteli tano kwa muda huohuo. Wanafunzi wanaopanga nje ni wagumu zaidi kuwafikia, kwa kuwa mageti ya ploti hufungwa na walinzi hawakujui. Huko ni lazima umpate mpangaji mmoja akuingize, awajulishe majirani zake, na jioni nyingine uende ploti ya pili.

Namba ya kitambulisho usiichukue. Huihitaji kwa kazi yoyote niliyoitaja, na ukiwa nayo unajitafutia balaa. Mwaka 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye tovuti ya serikali wakakuta majina yao yameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Tangu hapo, mwanafunzi akiona karatasi inayoomba namba ya kitambulisho anafunga mlango, na ana haki. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mwambie mtu unachukua habari gani, za nini, na umpe nafasi ya kukataa. Akisema mfute, mfute mbele yake.

Orodha iwe mahali pamoja, kwa mtu mmoja, yenye nywila. Isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp hata kwa dakika moja. Na isiuzwe. Utashangaa ni mara ngapi mtu wa kampeni atakayekuja na gari zuri ataomba "ile database yenu" kabla hata hajauliza majina yenu.

Hatua ya 4: Nyumbani au chuoni?

Mwanafunzi ana kaya mbili, na hili ndilo jambo linalopoteza kura za vijana kuliko uvivu wanaosingiziwa. Mmoja alijiandikisha kwao Taveta akiwa na miaka 18, sasa yuko Njoro. Siku ya uchaguzi ikimkuta Njoro, kura yake imebaki Taveta. Mwingine alijiandikishia chuoni mwaka wa kwanza kwa sababu tume ya uchaguzi, IEBC, walileta mashine za usajili na foleni ilikuwa fupi, lakini Agosti ameshamaliza masomo, yuko kwao Lamu akitafuta kazi.

Muulize kila mtu swali moja tu: "Tarehe 10 Agosti 2027 utakuwa umelala wapi?" Mtu wa mwaka wa nne kwa kawaida ajiandikishe nyumbani. Wa mwaka wa kwanza aliyepanga nje na anayefanya vibarua mjini, huenda chuoni ni afadhali. Kalenda za vyuo hazifanani, kwa hiyo itazameni yenu kabla ya kumshauri mtu.

Asiye na kitambulisho aanzie huko, mapema, kwa sababu bila kitambulisho cha taifa au pasipoti hawezi kusajiliwa. Aliye nacho na hajajiandikisha aende ofisi ya IEBC ya eneo bunge: wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor ni Mvita, wa Chuo Kikuu cha Pwani ni Kilifi Kaskazini, wa Egerton ni Njoro, wa JKUAT ni Juja, wa Moi bewa kuu ni Kesses. Aliyejiandikisha mahali ambako hatakuwepo aombe kuhamisha kura. Sheria inataka ombi hilo lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, na anayengoja wiki ya mwisho atakutana na foleni ya watu waliongoja kama yeye.

Usimwambie mtu "nenda". Mwambie "Jumatano saa tatu tunakwenda, tukutane getini". Watu kumi wakienda pamoja wanarudi kumi wamesajiliwa. Kila mmoja akiachwa aende peke yake, wengi watakwambia mvua ilinyesha. Bora zaidi, mwandikieni afisa wa IEBC wa eneo bunge, barua ipitie kwa mkuu wa wanafunzi, mkiomba mashine iletwe chuoni kwa siku kadhaa. Mkifanikiwa, simamieni foleni bila tisheti wala jina la mgombea. Mtasajili na wapiga kura wa wapinzani wenu, hilo halina dawa. Ukiwachuja watu kwenye foleni ya usajili kwa sababu ya msimamo wao, chuo kitawafungia, na kitakuwa hakijakosea.

Hatua ya 5: Mazungumzo mlangoni

Nendeni wawili. Mmoja anazungumza, mwingine anasikiliza na kuandika mkishatoka. Saa kumi na moja hadi saa mbili usiku ndio wakati mzuri; baada ya hapo watu wanapika au wanasoma. Wiki za mitihani msimsumbue mtu.

Hivi ndivyo mazungumzo mazuri huenda:

"Habari za jioni, komredi. Sisi tunakaa hosteli ya pili. Una dakika tano?"

"Kama ni siasa, mimi nishachoka. Hao wote ni walewale."

"Tumekuelewa. Hatukuletei bango. Tulitaka tu kukuuliza, ni jambo gani lililokuchosha zaidi mwaka huu?"

"Karo. Nimewekwa kwenye kundi la wanaolipa kana kwamba baba ni waziri, na anauza makaa."

"Hata mwenzangu hapa alipatwa na hilo. Ulikata rufaa?"

Angalia kwamba jina la mgombea bado halijatajwa. Huyo ameshakueleza kura yake inaelekea wapi: kwenye mfumo wa ufadhili wa vyuo ulioanza 2023, ule wa kuwapanga wanafunzi kwa makundi ya uwezo wa familia, ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024. Sasa ndipo unamwambia mgombea wako amesema nini kuhusu jambo hilo, ukurasa gani wa manifesto, au alisema wapi. Kama hajasema kitu, sema hajasema. Mwanafunzi anaujua uongo wa mwanasiasa, ameusikia tangu darasa la tatu. Asiyemzoea ni mpiga debe anayekiri kwamba mtu wake ana pengo.

Maswali mengine utakayokutana nayo sana ni mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) unaochelewa, kusaga lami, yaani kutafuta kazi, miaka baada ya kuhitimu, na "wewe umelipwa ngapi?" Hilo la mwisho lijibu kwa kicheko na kwa ukweli.

Mtu wa 5 usibishane naye. Mshukuru, muulize kama amejiandikisha, enda zako. Nguvu zako ni za 2 na 3.

Hatua ya 6: Kaunti ishirini na nne

Kupata zaidi ya nusu ya kura zote hakutoshi kumfanya mtu rais wa Kenya. Kifungu cha 138 kinadai pia apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, nazo ni 47, kwa hiyo angalau 24. Hata kabla ya kufika huko, kifungu cha 137 kinataka apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hizo ni sahihi 48,000 kwa uchache, zilizotawanyika nchi nzima. Wagombea wasio na chama kikubwa huangukia hapo.

Sasa tazama kantini ya chuo chako saa saba mchana. Ni wapi pengine nchini utapata mtu wa Mandera, wa Busia, wa Kwale na wa Nyandarua wakila sahani ya maharagwe kwenye meza moja? Mwanasiasa hulipa helikopta kuwafikia watu ambao wewe unapanga nao foleni ya chakula.

Ukipanga orodha yako kwa safu ya eneo bunge la nyumbani utaona una watu watatu Turkana Kusini, saba Matuga, mmoja Mbeere Kaskazini. Hao ndio tawi lako la huko. Kabla ya kila likizo waite, wape kazi mbili au tatu zinazobebeka: kukusanya sahihi kama bado zinatafutwa, kuuliza majirani ambao hawajajiandikisha, kueleza manifesto kwa lugha ya nyumbani. Wakati wa Mswada wa Fedha wa 2024 vijana waliufafanua mswada mzima kwa lugha za mama kwenye TikTok, na wazee waliokuwa hawajawahi kusoma mswada wakaanza kuuliza maswali ya vifungu. Ufundi huo upo tayari, hauhitaji kozi.

Nyumbani lakini hakuendwi kwa mtindo wa hosteli. Mjukuu hasimami mbele ya bibi yake akamhutubia. Unaamkia, unakaa, unachambua mchicha pamoja naye, unasikiliza kwanza yeye anasemaje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko shule wanasemaje, ni nani huyo mnayemtaka?"

"Sisi wenyewe tumegawanyika, bibi. Mimi nina wangu. Lakini nataka kukusikia wewe kwanza. Ile zahanati dawa zinapatikana siku hizi?"

Mzee akishasema ya zahanati, mengine yatakuja. Asipokubaliana nawe, usimwite mjinga kwa sababu wewe una digrii. Ameona marais wengi kuliko wewe.

Tahadhari moja. Vyuoni kuna vyama vya wanafunzi wa kaunti au eneo fulani, na kishawishi cha kuvigeuza matawi ya kabila ni kikubwa. Tumieni ramani ya maeneo bunge, si majina ya ukoo. Mtu kuwa na jina la upande fulani hakukwambii chochote kuhusu kura yake, na ukianza kuwapangia watu misimamo kwa majina yao, 3 nyingi zitageuka 5.

Hatua ya 7: Mitandao

Nitasema kidogo, kwa kuwa hili mnalijua kuliko mimi. Kundi moja la timu, makundi madogo ya kila hosteli, na kundi la kila kaunti wakati wa likizo. Kundi la watu mia tisa hugeuka soko la kuuza viatu. Kila video mtakayoweka imalizike kwa jambo la kufanya: tarehe ya usajili, mahali pa kukutana.

Kabla ya kusambaza picha au sauti ya mpinzani, mtu wa sheria aione. Siku hizi sauti inaweza kutengenezwa, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliweka adhabu kwa kusambaza habari za uongo. Maneno ya chuki ya kikabila yana adhabu yake katika sheria ya utangamano wa kitaifa ya 2008: faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Anayeyaandika kwenye kundi lenu mwondoeni siku hiyohiyo, hata akiwa ndiye aliyechangia pesa za tisheti.

Hatua ya 8: Pesa

Mwaka 1992, vijana wengine waliotoka vyuoni juzijuzi walijipanga kumpigia debe Rais Moi wa chama cha KANU. Kundi liliitwa Youth for KANU '92, kiongozi wake akiwa Cyrus Jirongo, na William Ruto akiwa mmoja wa vijana wake. Walikuwa na nguvu na mpangilio, hakuna anayekataa. Lakini walichokumbukwa nacho zaidi ni fedha zilizomwagwa, hata noti ya shilingi 500 watu wakaiita Jirongo. Baada ya uchaguzi kundi likavunjwa.

Kikundi chenu kinaweza kuishi kwa michango midogo. Gharama halisi ni chache: nakala za karatasi, bando, nauli za wanaokwenda mbali, maji siku ya matembezi. Fungueni laini moja ya M-Pesa ya kikundi, mweka hazina akiishika, lakini kila Jumapili taarifa ya miamala iwekwe kwenye kundi la timu bila kuombwa. Mfanye kama chama cha akina mama kinavyofanya: kila senti inasomwa kwa sauti.

Mtu wa kampeni akija na bahasha, muulize ni ya kazi gani. Ya kuchapisha vipeperushi, sawa, andikeni risiti. Ya "kugawia makomredi" ni hongo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji vilevile, na chakula au nauli ya kumfanya mtu apige kura fulani huingia humohumo. Tena pesa ya kugawa huvunja timu yenyewe. Siku ikigawanywa, waliopita vyumba usiku wataona waliokuja jana wamepata sawa nao, na kesho yake hakuna atakayepita chumba.

Kutoka kwa kampeni rasmi ombeni vitu vitatu: manifesto zilizochapishwa za kutosha, mtu wa kuwajibia maswali ya sera haraka, na nafasi za mawakala, wale wanaomwakilisha mgombea kituoni kura zikipigwa na kuhesabiwa. Mabango mtapewa hata bila kuomba. Jueni pia kwamba IEBC ndiyo hutangaza kipindi rasmi cha kampeni. Mwaka 2022 kilikuwa Mei 29 hadi Agosti 6, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 9: Siku tatu za mwisho na siku yenyewe

Kampeni ikifungwa, msiimbe tena. Rudini kwenye orodha. Wagawieni watu wa 1 na 2 kwa timu, kila mmoja apigie simu watu wasiozidi thelathini, na maswali ni manne: Kituo chako unakijua? Kitambulisho ulichojiandikishia unacho? Utakwenda saa ngapi? Unakwenda na nani? Aliyesema "saa mbili, na dada yangu" ana uwezekano mkubwa wa kufika kuliko aliyesema "nitaenda tu". Waliojiandikisha nyumbani na bado wako chuoni wapigieni mapema zaidi, wiki nzima kabla, kwa sababu nauli za mabasi hupanda.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni wakati huo wa kufunga ana haki ya kupiga kura, asikubali kuambiwa arudi nyumbani.

Kazi ya wakala wanafunzi huikimbilia kwa sababu ya posho, na wengine huondoka saa kumi na mbili jioni, kabla ya kuhesabu. Huyo bora asiende. Wakala amekuja kwa ajili ya usiku. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo kura za urais zinahesabika mbele ya macho yake, karatasi moja moja. Ajue kura halali na kura iliyoharibika, apinge pale pale akiona kosa, asome Fomu 34A kabla ya kuitia sahihi, ajumlishe mwenyewe kwa kalamu, achukue nakala yake, kisha aipige picha ile iliyobandikwa mlangoni. Fomu 34A ndiyo matokeo ya kituo. 34B ni ya eneo bunge na 34C ni ya nchi, na zote mbili zinategemea ile ya kwanza. Mwaka 2022 IEBC iliweka fomu hizo kwenye tovuti, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kulinganisha picha yake na iliyowekwa. Wapeni watu wanne wa timu kazi hiyo tu: picha ya wakala wetu upande mmoja, ya tovuti upande wa pili, tofauti iandikwe kwa jina la kituo na tarakimu.

Msitangaze mshindi. Tangazeni fomu, kama mna ya kutangaza.

Hatua ya 10: Baada ya kutangazwa

Anayetaka kupinga matokeo ya urais ana siku saba za kwenda Mahakama ya Juu, nayo ina siku kumi na nne za kuamua. Septemba 1, 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa urais, na suala la fomu lilikuwa katikati ya kesi. Kwa hiyo picha za 34A msizifute haraka. Wapeni mawakili wa mgombea wenu wakizitaka, na mhifadhi nakala.

Orodha ya majina ni jambo jingine. Kesi ikiisha, au isipokuwepo, kaeni kikao kimoja cha mwisho. Mweka hazina asome hesabu na kufunga laini ya M-Pesa. Kilichobaki kigawiwe au kipelekwe mtakapokubaliana. Mtunza orodha afute jedwali lote mbele ya wote, na nakala zilizo kwenye simu za timu zifutwe hapohapo. Mkitaka kuendelea na kazi nyingine, ombeni majina upya.